Mazoezi Kando ya Mto Mara

Ndugu zetu wa mjini, waliozoea kukimbia jioni kando ya maji kwenye njia ya lami iliyonyooka kama rula, hutuuliza: nanyi mna mto Mara, mbona hamkimbii? Tunakimbia mno. Mto huu unaotoka milima ya Mau, Kenya, ukazitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, una makocha wake. Kiboko havai saa ya kupima mapigo ya moyo, lakini akikukuta umesimama kati yake na maji atakupandishia mapigo hayo bila ada.

Nyumbu kwa malaki hufanya zoezi la kuvuka mto huu kila mwaka pale Kogatende, mamba wakiwa waamuzi. Wanaovuka salama hawapewi medali. Wanaolipa dola ni watazamaji.

Na lami? Barabara ya Tarime hadi Mugumu, kilomita 87 hivi, iliisubiri miaka nenda miaka rudi. Mwenye raba nyeupe na apange foleni nyuma ya lori la ng'ombe. Tambarare ndiyo haipo kabisa: mama wa Nyamwaga, Tarime, hupanda kilima na ndoo kichwani, asubuhi na jioni, akipunguza kitambi ambacho hana.