Jinsi ya Kuitafuta Filamu Ambayo Haikuuzwa Kwenu

Kwanza, subiri simu ya ndugu aliye mbali. Binamu yangu yuko London. Amemaliza tamthilia nzima kwa siku mbili na ananiapia kuwa nisipoiona nimekosa uhondo. Mimi niko Dar es Salaam, huduma ya kutazama mtandaoni ni ileile, na mwezi nimeshaulipia. Naandika jina herufi kwa herufi. Yanatokea mabango ya tamthilia nyingine, eti zinazofanana nayo.

Pili, usizime simu na kuiwasha. Bando lako halina kosa. Haki za kuonyesha filamu huuzwa kwa nchi au kwa kanda, kwa muda maalumu, na mara nyingi kwa mnunuzi mmoja tu. Afrika kusini mwa Sahara mara nyingi hupangwa fungu moja, kama nyanya sokoni. Kampuni ya televisheni ikiwahi kulibeba fungu zima, programu iliyo kwenye simu yako itangoja mpaka mkataba uishe, hata kama yule aliyenunua haionyeshi.

Usidhani haya yanatukuta sisi tu. Netflix ilipoingia Ufaransa mwaka 2014 haikuwa na House of Cards, tamthilia iliyoipatia jina, kwa sababu kampuni ya televisheni ya Canal+ ilishainunua. Mwanzoni mwa 2020 Friends ikaondoka Netflix ya Marekani, huku Waingereza wakiendelea kuitazama hukohuko Netflix.

Tatu, ukisafiri, fungua orodha yako upya. Ukivuka mpaka, vingine huongezeka na vingine hupotea. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: tangu tarehe 1 Aprili 2018, aliyelipia huduma katika nchi mwanachama moja husafiri kwa muda katika nchi nyingine mwanachama na orodha yake ya nyumbani. Natamani mfanyabiashara wa Arusha anayevuka Namanga apate haki hiyohiyo.

Hatua ya mwisho namwachia mtayarishaji wetu, kwa sababu sisi watazamaji hatuna kalamu ya kusaini. Ndugu yangu wa Dar, wa Nairobi, wa Kampala: mkataba ukiwekwa mezani, kabla ya kutazama kiasi cha malipo, soma ukurasa wenye orodha ya nchi na miaka. Ukikuta "dunia nzima", uliza ni lini watu wa Tanga wataiona filamu yako. Wakikosa jibu, ibakize Afrika Mashariki mikononi mwako.