Heko kwa Fomu ya Mita

Ngamia amesifiwa na washairi, mvua imesifiwa, hata mswaki umepata wa kuusifu. Fomu ya ripoti ya stima na maji haijapata mtu. Ni dhuluma, maana karatasi hii imevumilia mengi: mwenye jengo huiita usumbufu, mhasibu huificha kwenye droo, na kijana anayetumwa kusoma mita hurudi na namba za mwezi uliopita.

Ukoo wake si wa kubezwa. Nchini Kenya ilikuja na Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012, na ina adabu: haibishi hodi kwa kila mtu. Humwendea yule tu ambaye jengo au kiwanda chake kinakula zaidi ya uniti (kWh) 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi. Mheshimiwa huyo hutakiwa aandike sera ya nishati, amwite mkaguzi mwenye leseni kila miaka 3, apange namna ya kupunguza matumizi, kisha aonyeshe kwamba angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa imepatikana. Anayeidai leo ni EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, iliyokuwa ikiitwa ERC kabla ya Sheria ya Nishati ya 2019. Kwa upande wa maji, mwenye kisima kirefu huhitaji kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji.

Buna, mji mdogo wa Wajir Kaskazini kwenye njia ya Moyale, si mahali pa maghorofa yenye lifti. Hata hivyo, katika eneo hilo fomu ina kaka yake mkubwa, naye ni daftari la kisima. Penye kisima cha injini ya dizeli, mwendesha mtambo huandika: injini imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, lita ngapi zimeingia, ngamia wangapi wamenywa, mbuzi wangapi, mitungi mingapi, boza la nani limejaza. Kurasa zina alama za dole gumba lenye oili. Wanaolidai daftari hilo ni wakali kuliko EPRA: kamati ya kisima, na wafugaji waliolipia kila kichwa cha mnyama. Dizeli ikiisha kabla ya siku yake, namba zinasomwa chini ya mti, mbele ya watu wenye mifugo yenye kiu. Hakuna mwenye ghorofa Nairobi anayekaguliwa hivyo.

Jamaa wa Kaskazini Mashariki waliohamia Minneapolis, wengine kupitia kambi za Dadaab, wameikuta fomu huko pia. Tangu 2013 jiji hilo linawataka wenye majengo makubwa kutoa taarifa za nishati na maji. New York ilianza mapema kwa Sheria Na. 84 ya 2009, na sasa imezidi kwa ukatili: jengo lenye zaidi ya futi za mraba 25,000 hubandikwa herufi mlangoni, A hadi D, mithili ya ripoti ya mtoto wa shule. Asiyeleta namba hupewa F. Tajiri apite chini ya D yake kila asubuhi, wapangaji wakimtazama! Karatasi gani nyingine ina ujasiri huo?

Wabaya wa fomu husema haijawahi kuzima taa wala kuziba bomba linalovuja. Kweli kabisa. Tena hupokea namba za kubuni bila kinyongo, na mkaguzi wake hulipwa na huyohuyo anayekaguliwa. Lakini uongo ulioandikwa una tarehe na sahihi, na bili ya mwezi ujao haichelewi kumsuta mwandishi wake.

Basi wenye hoteli, hospitali na vyuo vya Garissa na Wajir, wanaovuta maji ya kisima na kuwasha jenereta stima ikipotea, wasingoje barua ya EPRA. Wanunue daftari leo, waandike tarehe, namba ya mita ya stima, namba ya mita ya maji na lita za dizeli. Mkaguzi akifika, atakuta sehemu kubwa ya kazi yake imeshafanywa.