Jinsi ya Kungoja Majira ya Kuchipua Minnesota Bila Kugombana na Kalenda

Anza kwa kuiondoa kalenda ukutani. Imeandika kwamba majira ya kuchipua huanza karibu na tarehe 20 Machi, nayo haisemi uongo: siku hizo mchana na usiku hukaribia kulingana. Ila kalenda inafuata jua, na wewe mkazi wa Minneapolis unakanyaga ardhi. Majira haya ni yule mgeni anayekupigia simu, "Niko njiani, nakaribia," kumbe ndiyo kwanza anatafuta taulo akaoge. Usipakue chakula.

Koti sasa. Aprili ikikupa siku mbili za nyuzi 15 za Selsiasi, utawaona majirani wamevaa kaptura na kuwasha majiko ya kuchomea nyama. Kafurahi nao, ule nyama yao, kisha koti lako ulifue na kulirudisha palepale karibu na mlango. Watu wa mji huo wanaikumbuka Aprili ya 2018. Katikati ya mwezi dhoruba ilimwaga karibu sentimita 40 za theluji, na hakuna Aprili nyingine katika kumbukumbu za mji iliyopata theluji nyingi kuliko ile. Ziwa Minnetonka, upande wa magharibi, liliachana na barafu tarehe 5 Mei, sawa na rekodi ya kuchelewa iliyowekwa mwaka 1857.

Ukitaka wa kumlaumu, yupo: barafu. Kuiyeyusha kilo moja ya barafu ya nyuzi sifuri kunakula joto linalotosha kuyapandisha maji yake, yakishayeyuka, hadi nyuzi 80. Juu ya hayo, theluji mpya huurudisha angani mwanga mwingi unaoiangukia. Basi jua likiwaka siku nzima na hewa bado inauma masikio, usiseme limelala. Linafanya kazi ziwani, na kazi ya ziwa zima haiishi kwa wiki moja.

Usiende kulikagua kwa miguu. Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kama una watoto waliozoea kuwaona watu wakivua samaki juu ya barafu mwezi wa Januari. Barafu mpya, ngumu na angavu, ikifika sentimita 10 hubeba mtu anayetembea. Ya machipuko ni nyingine kabisa: hata ikiwa nene, imeshaoza kwa ndani na kugawanyika vijiti vijiti vilivyosimama wima, na hupasuka bila kutoa taarifa. Kaa ukingoni, waelekeze watoto kwa kidole.

Barabarani endesha polepole, maana maji yaliyoingia kwenye nyufa za lami huganda usiku, yakatanuka, na asubuhi unakuta shimo ambalo jana halikuwapo.

Saa nazo husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na tofauti yako na Dar es Salaam au Nairobi hushuka kutoka saa 9 hadi 8. Kama umezoea kumpigia mama saa tatu usiku, kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Sasa utamwamsha saa kumi na moja alfajiri. Sogeza simu, mama alale.

Hata hivyo, zipo dalili za kuaminika za majira haya. Mojawapo ni miti ya maple ya sukari, ambayo utomvu wake hutiririka usiku kukiganda na mchana kukiyeyuka. Wenyeji huchemsha lita 40 hivi za utomvu kupata lita moja ya shira.