Zakayo wa Barabara ya Thika

Mwaka 2022 Kenya ilijaa mahasla, yaani wachakarikaji wa kujitafutia riziki. Mwendesha boda wa Ruiru alikuwa hasla, mama mboga wa soko la Madaraka mjini Thika alikuwa hasla, na William Ruto, Naibu Rais aliyezunguka nchi kwa helikopta, naye pia alikuwa hasla. Wilbaro ilikuwa nembo ya chama chake, UDA. Kaunti ya Kiambu ikammiminia kura, akawa Rais.

Kisha msamiati ukapanda cheo. Mwaka 2023 serikali ilipendekeza kukata asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, ikaiita akiba ya mfanyakazi. Akiba yenyewe haikuomba ruhusa ya mwenye mshahara. Sheria ilipopita, yakawa makato ya asilimia 1.5, na mwajiri akaongeza kiasi hichohicho. Novemba, Mahakama Kuu ikasema yanakiuka Katiba. Machi 2024 yakarudi na sheria mpya, nguo zimefuliwa.

Abiria wa matatu hawana waandishi wa hotuba, lakini wana Biblia. Walifungua Luka 19, wakamtoa mkuu wa watoza ushuru na kumkabidhi Ruto jina lake, Zakayo. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, vijana waliingia barabarani, Thika ikiwemo, wakimtaka Zakayo ashuke mtini. Kodi ya mkate iliondolewa, na tarehe 26 Juni Ruto akakataa kutia saini mswada wote.

Katika Luka, Zakayo aliposhuka aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Mistari hiyo bado haijasomwa kwenye bajeti.