Chumba Namba 6 Kimejaa

Ukipiga simu leo kwenye nyumba yetu ya wageni hapa Mji Mkongwe ukaulizia chumba namba 6, utaambiwa kimejaa. Atakayekuambia hivyo ni mimi, na wala sikudanganyi. Kimejaa mifuko ya chokaa, milango minne isiyo na fremu, samadari ya marehemu bibi iliyofunguliwa vipande vipande, na sinki mbili zilizotoka Dar zikiwa na nyufa. Wageni tu ndio hawamo.

Mambo yalianza kwa karatasi. Ami ndiye mwenye nyumba. Mimi ni meneja, yaani ndiye ninayetukanwa. Mwaka jana aliniita akaniambia, "Mwanangu, tuikarabati nyumba. Wageni wanalalamikia maji ya moto." Nikakesha siku mbili na kompyuta, nikatoka na jedwali la rangi: kijani mafundi bomba, njano seremala, buluu mafundi rangi. Kuanza tarehe 1 Aprili, kumaliza tarehe 15 Juni. Vyumba 11, wiki 11, kila chumba na wiki yake. Nikalichapisha, nikalibandika jikoni. Mpishi akaniuliza kama ni ratiba ya Kombe la Dunia.

Kwa nini Aprili? Kila mwenye hoteli Unguja atakujibu hata ukimwamsha usingizini. Wageni hujaa Julai na Agosti, kisha hurudi Disemba mpaka Februari. Aprili na Mei mji unabaki na wenyewe, na hoteli nyingine za pwani hufunga milango kabisa. Ndio wakati wa kuvunja choo bila mtu kuja mapokezi na taulo kiunoni. Sasa, wageni hawaji kwa sababu ni masika, na chokaa mbichi haina adui kama mvua. Kwa hiyo sisi wenye akili zetu timamu tunapiga lipu katika miezi ambayo hata kanga kwenye kamba haikauki. Mwakani tutafanya vivyo hivyo, maana Agosti nani atathubutu?

"Si mtumie saruji?" Kaka yangu aliyeko Muscat aliniuliza hivyo kwenye simu, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kujenga. Nyumba zetu hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Kuta zake ni za nusu mita na ushei, na ndani mna unyevu na chumvi. Chokaa huacha unyevu utoke, saruji huufungia humo humo. Najua, kwa sababu miaka ya tisini Ami huyu huyu aliupiga ukumbi wa chini saruji, akajisifu mtaa mzima. Leo ukiugonga ukuta ule kwa kidole unalia kama ngoma, na lipu inabanduka mapande mapande, kila pande kama mkate wa kumimina. Nyuma yake jiwe limekuwa unga mweupe. Niliuonja: chumvi tupu. Ndiyo, niliuonja. Ukifika wiki ya 5 ya ukarabati huchagui tena unachotia mdomoni.

Halafu mji wetu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo hukurupuki tu ukabadilisha dirisha. Kuna kibali, na kibali kinataka michoro, na michoro inataka mchoraji. Kwenye jedwali langu hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Rangi ziliniishia.

Fundi mkuu ni mzee mwembamba, kofia ya kiua, maneno machache. Pima maji anayo mkobani, lakini kipimo chake hasa ni dole gumba. Kila asubuhi hupita ukuta kwa ukuta, anabonyeza, anasikiliza sijui nini, anatikisa kichwa.

"Bado, bosi."

"Mpaka lini, mzee wangu?"

"Ikikauka."

Siku moja nikamteremsha mpaka jikoni nikamwonesha jedwali. Akalitazama kwa heshima zote, juu mpaka chini, kisha akauliza, "Na chokaa imeshaliona?"

Chokaa yenyewe iko uani, ndani ya shimo alilolichimba siku aliyofika. Imelowekwa humo wiki kwa wiki, nyeupe, laini kama mtindi, na hairuhusiwi kuharakishwa. Ikipakwa, inapakwa nyembamba, inasubiriwa, inapakwa tena. Paka wa jirani alitumbukia mle. Tulimtoa mzima tukamwosha kwa ndoo nne za maji, na tangu siku ile akitaka kwenda marikiti anazunguka njia ya mbali.

Fundi bomba sitamsema. Alichukua advansi akaenda Pemba kuzika. Namwombea marehemu kwa moyo safi, ila marehemu huyo ni wa tatu tangu Aprili.

Namba 6 ilikuwa ibadilishwe waya tu. Waya! Tukaondoa dari ya mbao, na juu yake tukakuta boriti nne ambazo vichwa vyake, pale vinapoingia ukutani, vimeoza kiasi cha kuchoteka kwa kijiko. Watu wote wakanyamaza. Hapa kwetu hatufanyi mzaha na boriti. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Fundi mkuu aliposema "kila mtu ateremke", Ami mwenye goti bovu alikuwa wa kwanza kufika chini. Pale ndipo wiki moja ya namba 6 ilipogeuka kuwa saba, na bado tunahesabu.

Na pesa? Kwenye makadirio nilitenga asilimia 10 ya dharura. Ami alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Hii ya nini?"

"Ya mambo yasiyotarajiwa, Ami."

"Kama hayatarajiwi, wewe umeyajuaje?"

Akaufuta kwa kalamu. Siku ya boriti pesa ile, kama ingekuwepo, ingekwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Boriti hizo hizo ndizo zinazopanga upana wa vyumba vyetu. Mti wa mkoko una urefu wake, na waliojenga waliufuata mti. Mimi nilifuata picha za dukani. Niliagiza vitanda vya sita kwa sita, kila kimoja na makabati mawili ya pembeni. Namba 4 ina upana wa mita 2.6. Fanya hesabu mwenyewe, mimi imenitosha. Isitoshe, gari haliingii uchochoroni kwetu. Hamali alivisukuma kwa mkokoteni kutoka bandarini Malindi, na vilipofika ngazini vikagoma kukata kona. Vikapandishwa kwa kamba kupitia dirishani, kimoja baada ya kingine, huku mtaa mzima ukitoa maelekezo ya bure. Bibi mmoja aliyekaa kwenye baraza ya mbele tangu asubuhi akaniita, "Mwanangu, kwani hamkupima kwanza?" Nikamwambia shikamoo, bibi. Jibu jingine sikuwa nalo.

Katikati ya vurugu hizo, mwezi Mei, wakaja mke na mume kutoka Ufaransa. Nilisahau kufunga nafasi kwenye intaneti. Nikawapokea kwa radhi, nikiwa na chokaa kwenye nyusi, nikawaambia nitawatafutia pengine. Hawakutaka kusikia. Walipiga picha boriti, wakapiga picha shimo, wakamfuata fundi mkuu chumba kwa chumba mpaka akampa mume mwiko akamfundisha kupaka. Wakaoga maji ya ndoo kwa siku tatu, wakaondoka wameandika sifa ambazo hatujawahi kuzipata tangu tufungue. Sasa Ami anauliza kama kuna haja ya kumaliza.

Leo ni tarehe 3 Julai. Vyumba 7 viko tayari, maji ya moto yanatoka katika vitano, na asubuhi fundi mkuu amepita tena na dole gumba lake. Jedwali nimelibandua, mpishi analifungia maandazi.

Mwenye boriti kavu nne, za mita tatu, zisizo na mchwa, aje Mji Mkongwe aulizie nyumba yenye shimo la chokaa uani. Bei tutaelewana. Advansi sitoi.