Kiwanja cha Saa Nne Asubuhi

Siku wakubwa wa pwani walipokwenda kuwapimia watoto wao kiwanja, bahari haikuwepo. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya maji ya bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwambani. Bustani ya ufukweni, ile ya watu wote pale Mnazi Mmoja, Unguja, ilikuwa kavu kote, na mbele yake mchanga umelala kama mkeka uliokwisha kutandikwa.

Mzee Korongo aliongoza, maana hatua zake hazikuwahi kupishana hata kidole. Alikwenda mita 105 kwa urefu, akageuka, akaenda 68 kwa upana, kipimo kile kile cha mechi za mataifa. Punda alimfuata na mzigo wa vigingi, Kima Punju akipigilia kila pembe. Pembe ya nne kigingi hakikushika. Kilizama chote kwa pigo moja. Kima akainama kuchungulia, kumbe ni tundu la kaa, na mwenyewe anatoka, kijana mdogo, mchanga mbichi bado umemganda mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Tupishe hapa, tunawajengea kiwanja."

"Ahsante babu. Lakini leo saa kumi, hapo uliposimama patakuwa maji."

Korongo akaitazama bahari. Povu la mwambani lilikuwa uzi mwembamba huko mbali. "Maji yako kule, mwanangu," akasema kwa upole, kisha akamwambia Kima apigilie pembeni kidogo.

Korongo hakuwa mbaya, na hilo nataka lieleweke. Watoto aliwapenda, na asubuhi nzima hakuonja kitu kwa ajili yao. Ila yeye alishuka ufukweni maji yakikupwa tu, kuokota dagaa kwenye vidimbwi, na yakijaa yeye keshapanda mtini. Kwa umri wake wote alikuwa ameujua ufukwe nusu. Na pwani hii bamvua ina saa zake: hukupwa asubuhi kwenye saa nne, hujaa alasiri kwenye saa kumi. Zikija siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa kidogo asubuhi na jioni mchanga unabaki mgumu na mkavu. Kila mtoto anayecheza chandimu ufukweni anayajua haya bila kufundishwa, kwa sababu ndiyo yanayompa mchezo au kumnyima. Kuna dhuluma kubwa katika kupima mahali pa watoto saa ambayo watoto wako chuoni.

Saa tisa na nusu Bi Kasa akajikokota hadi kwenye majani, akawakuta wakubwa wamekaa chini ya mkungu wakisifu kazi yao.

"Mmepima vizuri," akasema, "lakini mmepima mfuniko. Hapa palikuwa hori. Maji yalizunguka mji kwa nyuma, Mji Mkongwe huku, Ng'ambo kule, watu wakavuka kwa daraja. Mtu akikwambia anakwenda Darajani, daraja ndilo hilo lililobaki kwenye jina. Hori lilifukiwa juu. Chini bado linazijua njia zake."

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa jibu lilikuwa linakuja lenyewe. Maji hayakuja kwa juu. Yalianzia pembe ya nne, ndani ya lile tundu: kwanza unyevu, mchanga ukabadilika rangi, kisha kitone kikatuna, kikapasuka, kikatuna tena, mara mkondo mdogo ukatoka umebeba chembe za makombe. Tundu la pili likajibu, na la tatu. Kigingi kilichozama asubuhi kikapanda polepole, kikalala ubavu, kikaelea kuelekea miguu ya Korongo. Saa kumi na robo nusu ya kiwanja cha mataifa ilikuwa imefunikwa maji ya kifundoni.

Na kwa kuwa sasa ilikuwa jioni, wenye kiwanja wakafika. Wana wa Kima na mpira wao wa makaratasi uliofungwa kamba, wana wa Punda, na Paa msichana na wenzake sita, wa mpira wa pete. Punda mzee, kwa huzuni ya kazi iliyopotea, akashauri sehemu iliyobaki kavu ikatwe mapande, kila ukoo upewe lake.

"Babu," Paa akasema, "ardhi inatosha. Jioni ndiyo haitoshi."

Wakamtaka aeleze. Akasema mchana jua halichezeki, chuo kinatoka alasiri, na mwaka mzima jua huzama saa kumi na mbili na dakika zake. Kinachogombewa ni saa mbili tu. "Na kila kiwanja kinachoitwa cha wote, wanaotangulia kufika ni kaka zetu, na aliyetangulia haondoki. Sisi hutuachia dakika za giza, kisha mama zetu wanatuuliza kwa nini tumechelewa kurudi."

Kima mkubwa akataka zipigwe taa kali ufukweni, jioni irefuke. Bi Kasa akakataa: mayai yake hukaa mchangani kama siku 60, na watoto wakitoka usiku hufuata mwanga. Taa ya nchi kavu ingewapeleka barabarani. Ikakubaliwa zisiwepo.

Jioni ile Korongo hakupanda mtini. Alisubiri maji yasimame, akatembea juu ya mstari wa mwani ulioachwa na povu, na vigingi vikapigwa upande wa juu yake. Kiwanja kikatoka kifupi, cha kuwatosha watoto, magoli yakaelekea kaskazini na kusini ili jua linalozama lisimchome golikipa machoni. Karibu na mkungu, pale juu pasipofika maji hata kidogo, wakapima mita 30 na nusu kwa 15 na robo za mpira wa pete, uwanja wa Paa na wenzake, wasiosubiri mtu awapishe. Benchi la wazee wa bao halikuguswa, wala njia ya wavuvi. Mchanga wa chini ukaachwa wazi kwa chandimu siku za maji mafu. Siku za bamvua wenye chandimu hupanda juu, na wenye kiwanja huwapa nusu ya jioni. Zamu ikahesabiwa kwa mwezi wa angani, na mshika zamu akachaguliwa Kaa.

Kaa alipanda juu ya kigingi cha pembe ya nne, kile kile kilichoelea. Wana wa Kima walikuwa wamekwisha kuweka mpira katikati. Akawahesabia muda wao, akawaonyesha mstari, akamgeukia Paa: "Na nyinyi, dada, anzeni. Hakuna wa kuwatoa."

Paa akarusha. Mpira ukagonga pete, ukateremka mteremko wote, ukapita mstari wa mwani na kuangukia baharini. Korongo, aliyekuwa amesimama majini, akaufuata kwa hatua zake zisizopishana, akaurudisha.