Injini Iliyoshukia Gehandu Nyingine

Kuna Gehandu ya Mbulu na kuna Gehandu ya Hanang, na anayetuma mzigo bila kutaja wilaya anacheza bahati nasibu. Mume wangu aliicheza. Injini ya Subaru Forester, cc 2,000, yenye turbo, iliyong'olewa kwenye gari la mtumba huko Arusha, ilipakiwa kwenye fuso lililokuwa linafuata alizeti Hanang. Sisi ni wa Mbulu. Mzigo ukashushwa mbele ya duka la mtu ambaye hakuwa na habari yoyote na ndege wala rubani, naye akapiga simu: "Mzee, chuma chako kinamwaga oili kwenye ngazi yangu. Ukija, uje na hela ya sabuni."

Mume wangu, Baba Paulina, alipokata simu alikuwa anatabasamu. Eti oili ikivuja, ni ushahidi kwamba imo.

Kuifuata ilibidi kukodi pikapu, kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Dareda, kuuzunguka mlima Hanang na kurudi. Kodi hiyo ndiyo ilikuwa mabati ya jiko langu. Jiko bado linavuja, na hilo silo ushahidi wa kitu chochote kizuri.

Ugonjwa wenyewe, wa kutaka kuunda ndege, aliupata utotoni, alipokuwa akikimbilia kiwanja cha hospitali ya Haydom kila ndege ndogo ya wamisionari ilipotua. Ukubwani akapata habari za Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, Kenya, ambaye mwaka 2010 alionyesha ndege aliyoiunda nyumbani kwa injini ya Toyota. Nikamuuliza, je, iliruka? Akanijibu, "Hilo ni swali la pili." Swali la kwanza sijaambiwa mpaka leo. (Haikuruka. Nderitu hakukata tamaa, akaendelea kuunda nyingine, na kwa mume wangu huo ndio ushindi wenyewe.)

Mama yake mzazi, ambaye tunaishi naye, mume wangu alimsimulia hadithi ya Chris Nsamba wa Uganda, aliyekuwa akiunda ndege yake uani kwa mama yake, Ntinda, jijini Kampala, mwaka 2011. Alidhani mama atalainika. Mama akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na huyo mama mwenzangu maharage alikuwa anaanika wapi?"

Nimtendee haki mume wangu: hesabu zake hazina kasoro. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Ukiwa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, injini ya kawaida inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake kwa sababu inavuta hewa haba. Kwenye kilele cha Hanang, mita 3,400 na ushei, inakaribia kupoteza theluthi. Turbo ndiyo dawa yake. Ni chuma chenye umbo la konokono kinachosukumwa na moshi wa injini yenyewe, kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kuishindilia hewa ndani ya silinda, hata injini ikadhani iko Tanga. Waaustria wa Rotax wanauza injini ya ndege ndogo ya namna hiyo, modeli ya 914, yenye nguvu farasi 115. Bei yake sitaitaja mbele ya watoto. Na ukimwambia injini ya gari ni ya gari, anakutolea Bernard Pietenpol, Mmarekani aliyefunga injini ya Ford Model A kwenye ndege ya mbao mwaka 1929, na ikaruka vizuri kabisa.

Lililomkwamisha ni mizunguko. Subaru inatoa nguvu zake ikizunguka mara 5,000 na zaidi kwa dakika, na kwa mwendo huo ncha za propela yenye urefu wa mita 1.8 zingepita mwendo wa sauti. Zinapiga kelele na hazivuti ipasavyo. Lazima mizunguko ipunguzwe nusu, ama kwa gia ama kwa mikanda. Gia hatuna. Mikanda tunayo, kwa sababu tunaishi kwa mashine ya kusaga.

Asubuhi moja nikakuta akina mama wamejipanga na madebe yao ya mahindi na mashine iko uchi, puli wala mikanda haipo. "Mama Paulina, umeme umekatika?" Nikasema ndiyo. Mashine yetu ni ya dizeli, wote wanajua, lakini walikuwa na adabu ya kutosha kuniitikia.

Siku ya kuwasha, injini ilikuwa imefungwa juu ya mkokoteni wa punda, punda mwenyewe kapelekwa mbali kwa busara. Magurudumu yamewekewa mawe, mkokoteni umefungwa kwa mnyororo kwenye mti wa grevilea. Propela aliichonga mwenyewe kwa mbao za mkangazi zilizogandishwa kwa gundi, na kwa kweli ilikuwa nzuri kuliko fanicha yoyote iliyomo ndani kwangu. Mwenyekiti wa kitongoji alifika, akauliza kibali. Mume wangu anazifahamu kanuni: chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), kipewe cheti cha ubora wa kuruka, rubani awe na leseni. "Lakini mwenyekiti, hiki hakiruki. Hiki kiko kwenye mkokoteni." Mwenyekiti akautazama mkokoteni kwa muda, akavuta kiti.

Nyuma ya propela, kwa umbali ambao mume wangu aliuona unatosha, palikuwa na turubai la mama, na juu yake maharage ya msimu mzima, yamepigwa lakini hayajapepetwa.

Iliwaka mara moja. Alipoongeza moto mnyororo ukakaza, grevilea likatikisika, na chuma cha turbo kikaanza kuwa chekundu, kwanza kama aibu, kisha wazi kabisa. Turubai likasimama wima. Makapi yakapaa juu ya paa, kuku wakafuata bila hiari, na maharage yakaenda kulala kwenye ua wa jirani.

"Zima!" mama akapiga kelele.

"Haizimwi hivyo, mama!"

Na hapo akaanza kumfundisha mama yake mzazi, kwa sauti ya kushindana na propela, kwamba turbo iliyopata moto ukiizima ghafla oili inasimama kwenye beringi, inaungua na kuganda kuwa mkaa, na turbo imekufa. Kwamba kwanza unaishusha, unaiacha ingurume taratibu dakika mbili hivi ipoe. Ni kweli tupu, muulize fundi yeyote wa malori. Mama alizisubiri dakika hizo akiwa ameshika mwiko.

Tulikwenda kuokota maharage na ndoo. Ndipo jirani, ambaye tulimtegemea aje na kesi, akachota kiganja kimoja kwenye ua wake, akakigeuza mwangani, akakirusha na kukidaka. Hapakuwa na kapi hata moja.

"Hii mnafanya kwa debe shilingi ngapi?"

Baba Paulina akasema injini ya ndege haipepeti maharage. Mama akasema inategemea, mteja aje na petroli yake. Wakajadiliana bei mbele ya mwenye mali kana kwamba hayupo. Jirani akaomba jambo moja tu, isiwashwe kwa nguvu zile, iende taratibu kama ilivyokuwa inapoa, maana ule mwendo ndio ulioacha punje na kuchukua uchafu. Hilo ndilo lililomuuma mume wangu kuliko mwiko. Kwa mwendo ule turbo haifanyi kazi yoyote. Injini yoyote ya mnadani ingetosha.

Alinuna hadi chakula cha usiku. Kesho yake akakubali kwa masharti mawili: mkokoteni ugeuzwe uelekee mbali na banda la kuku, na shughuli yote iitwe majaribio ya ardhini. Jirani akasema wao wataiita vyovyote atakavyo, mradi mikanda irudi kwenye mashine kabla ya saa nne, watu wana mahindi.